Ramani ya Amani, 1:50,000: ya zamani, lakini siiachi

Nimetembea nayo siku tatu kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Imenyeshewa mara mbili, ikamwagiwa chai mara moja, na wino haukutoka.

Kilichonikera ni mkunjo. Aliyeniuzia aliikunja mara nne badala ya kuiviringisha, na mkunjo umepita juu ya Amani kwenyewe, penye vijia vingi, sasa pameanza kupauka. Ukienda kununua, beba bomba la plastiki.

Utamu wake uko kwenye kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja; ikibanana, ujue ni mteremko mkali. Sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita 1 ardhini. Weka kidole Sigi, upande nacho kuelekea Amani: mistari inaanza imeachana, halafu inabanana mpaka karatasi inageuka kahawia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini reli ya Wajerumani, ya kusombea magogo, iliishia Sigi, wakati taasisi yao ya utafiti ilikuwa huko juu tangu 1902. Unatoka kama mita 450 unafika kama 900, nani angepandisha behewa? Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, ndimo wageni wanamopokelewa. Nilikaa hapo nje, ramani magotini, nikajiona mjinga kwa kupita mara zote kwa gari bila kujiuliza.

Njiani nilimkuta mzee mmoja, nikamwamkia, nikamwonyesha. Kontua hakushughulika nazo. Alisoma majina tu, polepole, kwa sauti: Kwamkoro, Kwamtili. Akagonga kucha kwenye mstari wa nukta: “Hiki kijia tulipita kwenda shule, mwanangu. Sasa ni pori.” Nilikitafuta. Kweli, pori.

Kwa wenye simu: gridi ya ramani hizi, ile miraba ya kutajia mahali, ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali; simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Usipobadilisha mpangilio, unakosea karibu mita 300. Mimi simu iliniweka ng'ambo ya mto, na huku nimekaa juu ya jiwe upande huu nakausha soksi.

Mipaka pia usiitegemee. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, na karatasi yangu ni ya kabla ya hapo. Uliza getini.

Nimeshaagiza ya jirani, yenye kilele cha Nilo. Safari hii nimesema mapema: isikunjwe.