Flashi ni Ipi Hapo? Tunaipima Amri ya lsblk

Karibuni watazamaji wetu wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini kote. Leo mezani tuna lsblk, amri inayoorodhesha diski na flashi zilizopo kwenye kompyuta; inakuja na Linux yenyewe, haikulii bando hata kidogo. Mafundi wa Mwanjelwa na Miyomboni mnaochoma Ubuntu kwenye flashi, hii ndiyo ya kuanza nayo kabla hamjagusa dd, amri inayoandika data moja kwa moja juu ya diski. Maana dd haiulizi mara mbili: ukiandika sda badala ya sdb (majina ambayo Linux huzipa diski), mafaili ya mteja yamekwenda.

Fungua terminali, andika hivi:

lsblk -d -o NAME,SIZE,TRAN,MODEL,SERIAL

Macho yote kwenye TRAN, safu inayoonyesha kifaa kimeunganishwa kwa njia gani. Ikisoma sata au nvme, hiyo ni diski ya ndani, iache. Ikisoma usb, ndiyo tunayoitafuta. Ile -d inaficha vigawanyo (partitions) vya diski. Usipoiweka, sdb1 itatokea na TRAN yake tupu, na hapo wengi hupotea.

Jamani, msikariri sdb! Linux hutoa majina kadiri inavyovitambua vifaa, kwa hiyo umeme ukikatika ukawasha upya, sdb ya asubuhi inaweza kuwa sdc. Zikiwa flashi mbili pacha, zitofautishe kwa SERIAL, yaani namba ya kipekee ya kila kifaa, au tumia majina yaliyo ndani ya /dev/disk/by-id.

Sasa ukubwa. Flashi ya GB 64 itaonyesha 59G hivi. Hujapunjwa: kiwanda kinahesabu kwa 1000, lsblk kwa 1024. Ila hapa ndipo tunapoipunguzia maksi, kwa sababu inarudia tu kile flashi inachojitangazia. Chipu iliyochakachuliwa ikidai ni GB 512, lsblk inakubali. Flashi ya bei ya kutupa ipime kwa f3, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi: f3write inaijaza, f3read inasoma kama kilichoandikwa kimebaki salama. Kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde, kuijaza GB 64 peke yake ni karibu saa mbili. Vumilia, inafaa.

Na isipotokea kabisa? Andika sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, kisha chomeka huku unatazama. Ukiona error -71, mawasiliano yanakatika njiani: badili waya, badili na tundu, kabla hujamwambia mteja diski yake imekufa.