Duka ya mbegu kule Kadutu: mbegu na unga wa bakteria wa soja ndiyo, angre (mbolea ya dukani) ya sashe hapana

Kama unataka kuchanganya mahindi na soja ao maharage sezoni hii, ile duka ya mbegu iko chini kidogo ya soko ya Kadutu ndiyo nakutuma mbele ya zingine zote za Bukavu, lakini usinunue kila kitu pale.

Mama mwenye kuuzisha hapimi mbegu bila kukuuliza kwanza shamba iko wapi, udongo ni mwekundu ao mweusi, unapanda nini pamoja na nini. Papa mmoja mbele yangu alitaka maharage volubili (yale yenye kujizungusha na kupanda juu) ya kutia ndani ya mahindi, mama akamuambia: "Papa, mahindi yako ni mafupi, hii itaivuta chini. Chukua maharage mafupi, ao ungoja mahindi ikomae shina kwanza." Papa akachukua mafupi.

Soja sasa. Ule unga mweusi wa bakteria, wa kupakaa ku mbegu ili mizizi ipate azoti (chakula cha mmea) ya hewa, anautoa ndani ya frigo, hauko ku dirisha unapigwa na jua kama naonaga kwingine, na hapo ndipo nilimuamini kabisa juu zile bakteria ziko na uhai, joto ikizipiga unabaki na vumbi tu umelipia. Unalowesha mbegu na maji ya sukari kidogo, unatia unga, unageuzageuza ku kivuli mpaka mbegu zote zinakuwa nyeusi, unapanda siku ile ile, na isigusane na angre. Bei iko juu kidogo lakini mimi niling'oa mche wakati wa maua, mizizi imejaa vinundu (ndiyo nyumba ya zile bakteria), nikapasua kimoja na kucha, ndani chekundu kama nyama! Kikiwa cheupe ujue hakifanyi kazi.

Mama anaeleza pia mistari 2 ya mahindi kisha 2 ya soja: mahindi inakaribiana sentimita 50, halafu unaacha mita 1 ya kutia soja. Hesabu ya mahindi inabaki ile ile ya mistari ya kila sentimita 75, ila soja inapata jua.

Penye wananikasirisha ni angre. NPK 17-17-17 (angre ya mchanganyiko) na DAP (ile yenye fosfori nyingi) wanapima ku sashe nyeusi, hakuna jina hakuna tarehe, mfuko umebaki wazi na angre imeanza kushikana juu ya unyevu, na kijana mwenye kupima anaambia watu eti soja yenye bakteria haiombi angre hata kidogo. Hapana jamani! Bakteria inaleta azoti, fosfori haileti, na udongo wa Walungu, huku karibu na Bukavu, uko na asidi, unashikilia fosfori mmea haupati. Tia DAP kidogo mu shimo, funika na udongo, ndiyo uweke mbegu. Ure (angre ya azoti tupu) nayo ni ya mahindi peke yake, ukimwagia soja azoti nyingi vinundu vinalala. Angre nanunuaga kwenye wanafungua mfuko mbele yangu.

Na tafadhali, wakati wa kuvuna msing'oe soja na mizizi yote mukaipigia nyumbani, ile azoti yenye mahindi ya sezoni ijayo ingekula inabaki ku lupango. Kata shina, acha mizizi, rudisha majani na maganda shambani.

Fikeni asubuhi, Septemba unga unaisha mbio, na mubebe kitambaa chenye maji cha kuufunika njiani.