Swedi na doa la krayoni za mafuta: nunua kisichoacha mafuta yake

Wanaonunua viatu vya mtumba vya swedi, yaani ngozi yenye vinyweleo laini juu, kwenye masoko ya Sido Mbeya au Mashine Tatu Iringa wana lalamiko moja: doa la krayoni za mafuta limesafishwa, baada ya wiki limerudi, tena pana zaidi. Mara nyingi kosa liko kwenye kisafishio. Wengi huuliza bei na harufu. Wachache huuliza kama dawa yenyewe ina mafuta.

Krayoni za mafuta ni rangi, nta na mafuta yasiyokauka, kwa hiyo doa huendelea kutembea ndani ya vinyweleo. Ukiongeza mafuta mengine, umelifungulia doa njia.

Pima kabla ya kulipa. Dondoshea dawa kwenye karatasi nyeupe, subiri nusu saa, kisha iinue kwenye mwanga. Ukiona duara linalopitisha mwanga, rudisha chupa. Mafuta ya taa hufeli hapo. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo hufeli mara nyingi, kwani ile inayotengenezwa kwa kanuni rasmi ya dawa ya Uingereza (BP) huchanganywa mafuta ya mbarika. Spiriti ya bluu au zambarau huacha rangi yake kwenye swedi ya kaki.

Namba moja kwangu ni ufutio wa swedi wa Collonil, kampuni ya Berlin iliyoanza 1909. Ni mkavu, hauna kimiminika cha kupenya ndani. Kuagiza Dar kunachosha, lakini agiza.

Namba mbili, na ndiyo huanza kazi, ni wanga wa mahindi, ule wa kuongezea mchuzi uzito. Usitumie dona: kiini cha mahindi kimo, na kiini kina mafuta.

Asubuhi ya Julai Mbeya, acha kiatu nje hadi nta igande, kisha ikwangue kwa mgongo wa kisu bila kusugua. Mwaga wanga vijiko viwili vya chakula, uache kwa muda wa saa 12, upanguse kwa brashi kavu. Rudia mpaka wanga usishikane mabonge. Kwa kawaida mara mbili au tatu. Hapo ndipo ufutio unaingia, kwa mwelekeo mmoja, bila kukandamiza. Kusugua mbele na nyuma kunalaza vinyweleo na kubakiza baka linalong'aa. Usianike kwenye jua kali wala karibu na jiko la mkaa: joto huyeyusha nta, ikazama. Tukuyu wakati wa mvua, wanga hunywa unyevu wa hewa. Fanya kazi ndani ya chumba kikavu.

Rangi ya mafuta ya wachoraji ni kesi nyingine. Ikishakauka imegeuka gamba, wanga hauigusi. Kwangua, kisha msasa laini namba 400, taratibu sana.

Chaki nyeupe iliyosagwa inafaa ukikosa wanga, basi.

Namba ya mwisho ni dawa ya kupuliza yenye rangi, inayouzwa kama kisafishio. Haisafishi, inapaka juu ya doa. Inaudhi zaidi kwamba baadhi ya wauzaji hupulizia viatu vyenye doa asubuhi na kuviuza mchana kwa bei ya visafi. Mnunuzi, sugua kiatu kwa kitambaa cheupe kikavu kabla hujatoa hela. Kitambaa kikishika rangi, dai punguzo au ondoka.