Windows 11 au Linux Mint kwa laptopu ya zamani?
Tangu Microsoft wasitishe sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanaambiwa wanunue mashine mpya wakati waliyonayo bado nzima kabisa, inauma sana. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), RAM 4GB na diski ya 64GB, ila Linux Mint, mfumo endeshi mwingine unaowekwa badala ya Windows, inaridhika na RAM 2GB na nafasi ya 20GB, ni ya bure, tena unaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani. Kama unakula kwa Photoshop baki tu Windows. Excel zenye makro (amri za kujiendesha) nazo LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Mint, huzivuruga. Ila kwa kuandika, intaneti na muvi, hamia Mint, na mafaili yafanyie bakapu kwanza.