Rangi ya sebule: nilianza na buluu, nikaishia na krimu

Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo: Dar joto, piga rangi ya baridi. Nikaenda dukani, nikachagua kwenye kadi buluu yenye ukijivu, wakaichanganya kwa mashine papo hapo, ndoo ya lita 20. Mashine sina lawama nayo, maana kilichotoka ndicho nilichokionyesha kwa kidole.

Shida ilikuwa sebule yenyewe. Ina dirisha moja tu, la kusini, na nje kuna mwembe. Ilikuwa Juni, na miezi hiyo jua la huku kwetu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lile halioni jua kabisa. Rangi iliyokuwa nyepesi kwenye kadi, kuta nne zilipotazamana ikawa nzito, saa nane mchana tunawasha taa. Fundi akaniambia, "Dada, subiri ikauke, itatulia." Ilipokauka ikazidi kukolea. Usiku ndio usiseme. Taa zetu zilikuwa zile nyeupe kali za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), na mama alipokaa kwenye kochi uso wake ukawa kama wa mtu aliyeruhusiwa jana hospitali. Hapo nikashindwa kuvumilia.

Na joto? Halikupungua hata kidogo. Joto la nyumba yangu linashuka kutoka kwenye bati. Ubaridi wa rangi ni wa macho tu.

Mara ya pili nilinunua lita 1 ya krimu yenye wekundu wa mbali, nikapaka kipande cha siling bodi mikono miwili, yaani tabaka mbili, nikakizungusha sebuleni siku tatu: asubuhi dirishani, mchana nyuma ya mlango, usiku chini ya taa. Balbu nazo nikabadilisha, nikaweka za kelvini 3000, zenye mwanga wa kimanjano. Niliporidhika ndipo nikamwita fundi, na ikabidi aanze na andakoti nyeupe kuiziba buluu, gharama ambayo kipande kile kingeniokoa nayo tangu mwanzo.

Buluu iliyobaki, karibu nusu ndoo, nimeipiga chumbani. Huko dirisha linatazama magharibi, na jua la saa kumi na moja huingia jekundu hadi kitandani. Zamani ukuta ulikuwa njano na chumba kizima kilikuwa kinawaka. Sasa muda huo ndio ninaopenda kukaa humo.