Matairi ya vigari vya sloti: mpira, yurethani au silikoni? Inategemea unakimbizia wapi

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma marefu. Kama una hela ya seti moja tu na unazunguka kukimbiza vigari kwenye traki za watu tofauti, nunua yurethani (plastiki inayonyumbulika kama mpira). Kama traki ni ya kwako mwenyewe, ya mbao iliyopakwa rangi, na una moyo wa kuifuta vumbi kila unapotaka kucheza, chukua silikoni. Wengine wote kaeni kwanza na mpira uliokuja na gari, ila upigeni msasa kabla hamjaanza kulaumu.

Naongelea vigari vya 1/32, yaani gari halisi iliyopunguzwa mara 32, vile vya umeme vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji, Scalextric na ndugu zake, ambavyo huku Uingereza vipo toka 1957 na mpaka leo unakuta watu wazima wenye wajukuu wamejaa ukumbini usiku wanabishana tairi gani ni tairi. Na kitu cha kwanza kabisa, toa sumaku iliyo chini ya gari. Ukiiacha pale inang'ang'ania reli za chuma za traki na gari inapita kona hata kwa matairi mabovu, sasa hapo utajuaje tairi zuri ni lipi? Kwa hiyo haya yote ni ya gari isiyo na sumaku, tairi za nyuma ndo zinafanya kazi yote.

Traki ya plastiki watu wanaisema kama vile ni kitu kimoja, si kweli. Traki za kampuni tofauti zina uso tofauti: Scalextric Sport ni laini, Carrera leni zake ni pana na uso wake una tabia nyingine kabisa, halafu Ninco ni kama msasa, yaani pitisha kidole uone, mkwaruzo mtupu, inakula matairi laini mpaka unaona unga mweusi umejipanga kwenye kona. Kwenye Ninco mpira wa kawaida unatosha sana, uso wenyewe unashika, na silikoni pale ni hela ya kutupa. Kwenye plastiki laini ndo utofauti unaanza kuonekana: mpira uliotoka kwenye boksi unateleza mwanzoni, ukishapata moto kidogo unatulia, na traki nayo ikishapitiwa pitiwa inazidi kushika. Ukitaka zaidi ya hapo kuna NSR na Slot.it, wote Waitaliano, wanauza mpira wa kompaundi (michanganyiko) tofauti tofauti, kila moja na jina au alama yake, na hapa nawapa maksi za juu kwasababu tairi linakuja karibu duara kamili na kazi ya msasa inapungua.

Yurethani sasa. Paul Gage za Marekani na MJK za Australia ndo majina utakayosikia sana. Ninachozipendea ni kwamba hazina makuu: vumbi dogo haliziyumbishi kama silikoni, zinakubali msasa vizuri, na unatoka nazo kwenye plastiki ya mshkaji unaenda nazo kwenye mbao ya klabu bila kubadilisha kitu. Kasoro ni kuzivalisha kwenye rimu, kama saizi imebana utatoa jasho.

Silikoni kwenye mbao safi yenye rangi laini ni balaa, gari inageuka kona kama imechomelewa. Ila vumbi likikaa tu raundi kadhaa unaona mkia unaanza kuondoka, inabidi uchukue selotepu, uibandike upande wa gundi juu, uburuze matairi juu yake mpaka tepu itoke na uchafu wote, ndo urudi kwenye mbio. Halafu msasa haziutaki, kama imekuja na mgongo, yaani si duara sawasawa, itabaki na mgongo. Na pakiti ikikuambia "inafaa traki zote" we icheke tu. Kubwa zaidi uliza klabu kabla hujanunua, sehemu nyingi silikoni imepigwa marufuku kwasababu inaacha kitu juu ya traki kinachowatelezesha wenye mpira. Tairi za sponji nazo ni za traki zile kubwa za kibiashara za 1/24 zinazopakwa gundi, nyumbani huzihitaji.

Kitu ambacho watu hawakisemi sana: gripu ikizidi nayo ni shida. Porsche 962, gari ya mbio, ni pana na imelala chini, ipe tairi linaloshika kuliko yote na itashukuru. Ila chukua Mini, fupi, nyembamba, imesimama, iwekee tairi hilohilo kwenye mbao nzuri, badala ya kuteleza inapiga kona na kubinuka matairi juu. Kwa Mini natafuta tairi gumu kidogo makusudi, iteleze kidogo nyuma, na kingo za tairi nazizungushia msasa ziwe mviringo zisikamate.

Msasa wenyewe hauna uchawi. Gundisha tairi kwenye rimu kwanza, bandika kipande cha msasa juu ya traki chini ya magurudumu ya nyuma, ulimi ukiwa ndani ya mfereji, shika gari kwa mkono na upe umeme kidogokidogo. Usikandamize, tairi litachemka. Mwanzoni utaona linasagika katikati tu au pembeni tu, hapo ndo utajua lilikuwa halilali sawa, endelea mpaka rangi ya uso ifanane upana wote. Kisha futa kwa petroli ya kujazia viberiti, ila hiyo ni kwa mpira.

Za mbele usizinunulie kitu. Unataka ziwe ngumu na zisishike kabisa, zipake rangi ya kucha ile isiyo na rangi, mipako miwili inatosha, na uombe ruhusa ya mwenye kichupa kwanza.