June's Journey au michezo ya Artifex Mundi?

Yote ni michezo ya simu ya kutafuta vitu vilivyofichwa kwenye picha. June's Journey, ya kampuni ya Wooga ya Berlin, hupakuliwa bure, lakini kila picha hula nishati, yaani pointi za ndani ya mchezo zinazokuruhusu kucheza. Ikiisha unasubiri ijijaze au unalipa. Picha ileile utairudia mara kadhaa upate nyota za kufungua nyingine. Alama hupanda ukigusa vitu haraka mfululizo, kwa hiyo kwenye kioo kidogo kuza picha kwanza.

Kampuni ya Artifex Mundi ya Poland huonjesha mwanzo bure, kisha unalipa mara moja kufungua hadithi nzima. Faili ni kubwa: pakua kwa Wi-Fi, ucheze data ikiwa imezimwa. Mwenye bando la kuungaunga achague hii. Ila mchezo wa Unsolved, wa kampuni hiyohiyo, nao una nishati.